Upande wa Mteja

Chumba cha mbele cha nyumba yangu kilikuwa studio ya picha. Watu walikuja wameoga. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi halisemwi: mtu alikuwa anaoga, anachana nywele, anapiga pasi shati, anakuja na watoto wake wote, kisha anakaa mbele ya kamera ametulia kama yuko mbele ya hakimu. Picha ikitoka inatundikwa ukutani, na hapo inakaa mpaka wajukuu waje waulize huyu ni nani. Leo mtu ananyoosha mkono, anajipiga mwenyewe, anafuta, anajipiga tena, na mpaka jioni hakuna hata moja anayoikumbuka.

Wateja walipokatika nilikifunga chumba. Kilikaa na vumbi lake, na pazia lake zito jeusi dirishani, na kiti chake kirefu cha kuzunguka, mpaka mdogo wangu alipofariki na mjane wake akaja kunihitaji. Huyo ndiye ninayemwandika hapa. Mimi namwita shemeji, yeye ananiita shemeji, na mtaa mzima unamwita Mama Nusu.

Aliniomba chumba cha kufanyia kazi. Nikamuuliza kazi gani, akasema kupamba. Nikajua ni kumbi za harusi, maua ya plastiki na vitambaa. Akasema hapana, nyuso. Nyuso za maharusi? Akasema na hao pia wakija, ila yeye anataka hasa watu wanaokwenda kazini.

Nilipigwa na butwaa. Bibi harusi namwelewa, siku yake ni moja. Lakini mtu anayekwenda kukatia abiria tiketi siku ya Jumanne, apakwe uso ili iweje? Nilimwambia marehemu mama yangu alikuwa na kopo moja la poda na kijiti kimoja cha wanja, vikamtosha tangu ujana mpaka kaburini, na alikuwa mzuri. Shemeji akaniuliza kama kopo lile lilikuwa la rangi ya ngozi yake. Nikakumbuka kwamba mama alikuwa akitoka nyumbani na shingo moja na uso mwingine, nikampa ufunguo.

Kitu cha kwanza alichokifanya ni kuling'oa pazia langu jeusi. Alilikunja vizuri, sikatai, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayerudisha mtoto wa watu. Akaosha kioo cha dirisha, akakigeuza kile kiti kirefu kitazame mwanga, na mbele yake akatundika kioo kikubwa. Alisema taa ya umeme ni rafiki mnafiki, inakusifu ndani, ukitoka nje inakucheka. Mwanga wa dirisha unakwambia ukweli ukiwa bado umekaa. Hilo nililijua kabla yake, maana dirisha lile nililichagua mimi, halipigwi na jua moja kwa moja asubuhi wala jioni. Hakuna aliyeniuliza.

Siku chache baadaye niko barazani na gazeti langu, akatoka ndani mwanamke nadhifu nisiyemjua, nikamwambia, "Karibu, mama, unamtafuta nani?" Akacheka akasema, "Babu, ni mimi. Ulinipiga picha ya chekechea, nikakojoa kwenye kiti chako." Nilibaki mdomo wazi. Kilichonishangaza si kwamba alikuwa amepakwa rangi. Nilitafuta rangi nisiione. Alikuwa tu kama mtu aliyelala usingizi wa kutosha, na binti yule nimemfahamu tangu akibebwa mgongoni, hajawahi kulala usingizi wa kutosha.

Ndipo nikaanza kuchungulia kazi yenyewe, na huko nikakutana na kituko kikubwa zaidi. Shemeji alikuwa anapamba nusu ya uso tu.

Upande wa kulia aliuita upande wa fundi. Alikuwa anauosha, anaupaka losheni nyepesi, anangoja ngozi inywe. Halafu anatafuta rangi ya msingi, na hiyo hapimi mgongoni mwa kiganja kama wafanyavyo wengi madukani. "Mkono wako unaosha vyombo na kupigwa jua," alikuwa anawaambia, "uso wako una maisha yake." Anapima kwenye taya, mstari mmoja unaoshuka shingoni, na ule unaopotea ndio wenyewe. Anaweka vitone vichache katikati ya uso, anavitawanya kwenda nje kwa sponji yenye unyevu, akigonga badala ya kusugua. Poda anaiweka panapong'aa tu: paji la uso, pua, kidevu. Nyusi anazijaza kwa vijistari vifupi vinavyofuata nywele, kwa sababu, alisema, nyusi hazichorwi kama reli. Rangi ya mashavu kidogo, ipande kuelekea kwenye sikio. Rangi ya mdomo inapakwa, inakandamizwa kwa karatasi laini, inapakwa tena. Kisha anaweka brashi mezani, anarudi nyuma, anakunja mikono.

Upande wa kushoto uliitwa upande wa mteja. Huo unaupaka mwenyewe, ukitazama wa kulia. Ukikosea unafuta na kuanza upya, na humalizi mpaka pande mbili zifanane. Nimeona watu wazima, wenye vyeo, wamekaa pale wanataka kulia kwa sababu ya nyusi moja. Wengine walikuwa wanambembeleza awamalizie, wamechelewa. Alikuwa anawajibu kwamba akiwapamba wote, kesho wataamka na mikono yao, siyo na yake.

Kwa hiyo Mama Nusu. Na alikuwa na mchezo mmoja wa ziada, ambao ndio uliotuponza. Kuna asubuhi alikuwa anatokea ameuharibu makusudi upande wake wa kushoto: poda imekaa kama chokaa, wanja umemwagika, mdomo umevuka mpaka. Wateja kwenye benchi wanacheka, kisha anawataka wataje kosa moja baada ya jingine na namna ya kulirekebisha. Makosa hayo aliyachora bila kioo, kama alivyojipamba kila siku bila kioo, chumba cha nyuma, kwa vidole tu. Alijivunia hilo. Alisema mtu anayehitaji kioo kuufikia mdomo wake mwenyewe bado hajazoeana nao.

Tuligombana sana, mimi na yeye, ugomvi wa mashemeji ambao hauna damu. Nilimwambia vipodozi ni uongo wenye harufu nzuri. Yeye alikuwa amekuta kwenye droo ya zamani penseli zangu za kurekebishia picha, zile nilizotumia kwenye filamu kuondoa makovu na mikunjo kabla ya kusafisha picha, na pamba niliyotumia kupaka rangi mashavu ya watu kwenye picha nyeusi na nyeupe. Akazipanga mezani mbele yangu.

"Na hizi, shemeji?"

"Hiyo ilikuwa kazi."

"Na mimi hapa napiga umbea?"

Nikaenda kumwagilia maua.

Basi siku moja akaja msimamizi wa duka moja kubwa la ghorofa, linalouza nguo chini na vyombo juu. Mwanamke mrefu, mwenye saa ya dhahabu na sauti ya kuamuru. Alikaa kwenye kiti, akapewa upande wake, akaharibu, akafuta, akaharibu, akafuta, na mwisho akapatia. Alipotoka alimwambia shemeji aje Jumamosi ya wiki inayofuata awafundishe wanawake wote wanaosimama kaunta. Mambo yakienda vizuri, kila mfanyakazi mpya atapitia mikononi mwake, na atapewa chumba chake huko juu, chenye madirisha.

Shemeji alinisimulia jambo hilo kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mdogo wangu azikwe. Tangu ujane wake hakuna aliyewahi kumhitaji kwa mwezi ujao, alisema, wote walimhitaji kwa asubuhi hiyo tu. Nikamuuliza ana hofu gani basi, maana niliiona. Akasema, "Watanitazama kabla ya kunisikiliza. Kwenye kazi hii uso wangu ndio kibao changu cha dukani." Nikamwambia kibao chake hakina kutu. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kumpa, na niliitoa huku nimetazama pembeni.

Ikafika wiki yenyewe. Asubuhi moja, siku chache kabla ya Jumamosi ile, niliingia studio, mimi bado naiita studio, kutafuta chai. Benchi lilikuwa limejaa. Kwenye kiti alikuwa mwanamke anayeuza kwenye duka la dawa la kona, mcheshi, ulimi haulali. Mlango wa nyuma ukafunguka, shemeji akatoka.

Upande wake wa kulia ulikuwa safi kama kawaida. Wa kushoto ulikuwa umeharibika kuliko siku zote. Nyusi ilikuwa chini, wanja umepinda, rangi ya mdomo imeteremka kuelekea kidevuni. Chumba kizima kikaangua kicheko. Muuza Dawa akaanza kutaja makosa kabla hajaulizwa: nyusi imeshuka, mdomo umevuka mpaka, jicho moja limelala na jingine linakwenda kazini. Na mimi, mzee mzima, nikatia langu. Nilisema, "Leo shemeji ametuonyesha uso wa mtu aliyekula limau upande mmoja."

Akatabasamu. Tabasamu likatokea upande wa kulia tu, na la kushoto halikufika. Tukampigia makofi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: tulimpigia makofi, tukidhani ni ufundi.

Akachukua kikombe chake cha chai dirishani, akanywa. Chai ikaingia, na ikatoka kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, ikateremka kidevuni, ikalowesha blauzi yake nyeupe. Yeye hakuhisi. Alibaki ameshika kikombe, anatutazama, na jicho la kushoto halikupepesa hata mara moja.

Kicheko kilikatika kama redio iliyokatiwa umeme.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza, na ile m ya mwanzo ikatoka imelegea, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Muuza Dawa alikuwa ameshasimama, akaenda kusimama mbele ya kile kioo kikubwa, akakiziba kwa mwili wake. Mama yule mropokaji, sijawahi kumwona mkimya kiasi kile.

"Sogea," shemeji akamwambia.

"Mama Nusu, kaa kwanza."

"Sogea, mwanangu."

Akasogea. Shemeji akajitazama. Alinyanyua kidole, akagusa nyusi iliyoshuka, akagusa mdomo, akakiangalia kidole kama kuna rangi iliyobaki hapo ya kumweleza jambo. Kisha akasema polepole, "Hii sikuifanya mimi."

Alipoamka alikuwa amehisi shavu zito, akadhani amelilalia. Akajipamba kwa vidole kama siku zote, na vidole vikafuata njia vinayoijua, ila uso haukuwapo tena mahali pake.

Tulimpeleka hospitali, mimi na Muuza Dawa, mmoja kila upande. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni, huyu naye anaondoka, mishipa ya kichwa imepasuka, nitamwambia nini mdogo wangu. Daktari alikuwa kijana mdogo mpole. Alimwambia anyanyue mikono, atembee, afumbe macho, akunje paji la uso, apulize. Upande wa kushoto haukutii amri hata moja. Mikono na miguu ilitii yote. Akasema kichwa ni kizima. Ni mshipa wa fahamu wa usoni umevimba, hutokea, na wengi hupona, wengine baada ya wiki, wengine miezi. Akampa vidonge na dawa ya kudondoshea jichoni, akamwonya kwamba jicho lisilofumba linakauka, hivyo akilala alibandike.

"Na Jumamosi?" shemeji akauliza.

"Jumamosi gani?" daktari akasema.

Shemeji akainama akaanza kutafuta mkoba wake, ambao ulikuwa mapajani.

Tuliporudi nyumbani aliniomba pazia langu jeusi. Tangu aling'oe nimekuwa nikilitamani lirudi dirishani, nimemsema kwa ajili yake mara nyingi. Nililitundika kwa mikono yangu mwenyewe, chumba kikawa giza kama zamani, na sikufurahi. Wateja walipogonga niliwaambia fundi amesafiri. Alikaa kwenye kile kiti kirefu amekigeuzia mgongo kioo, na shali shavuni.

Alimpigia simu msimamizi, akaomba wasogeze mbele kwa mwezi mmoja. Hakusema sababu. Msimamizi alijibu kwa adabu kwamba ratiba ya wafanyakazi imeshapangwa, na kama yeye hawezi, yuko mtu mwingine anayefundisha kwa picha za kwenye skrini, ataitwa huyo, wala asijali. Ni hayo "wala asijali" yaliyomkata maini. Alizima simu bila kuahirisha, akaniambia, "Shemeji, lete zile penseli zako. Ulikuwa unazirekebisha nyuso za watu. Irekebishe na hii."

Nilishtuka kuliko hospitalini. Sikuwa nimewahi kugusa uso ulio hai kwa brashi, na nilikuwa nimeapa mbele yake si mara moja kwamba nitakufa bila kufanya hivyo. Lakini nilivuta pazia kidogo, mwanga ukaingia wa kutosha, nikaanza. Kwa penseli yake, siyo yangu, nilimchorea nyusi juu ya mahali ilipokuwa imeangukia. Nikatia kivuli chini ya shavu lililolegea, nikainua pembe ya mdomo kwa rangi, nikafuta ile iliyozidi. Ilinichukua muda mrefu, maana uso hai unapumua na una joto, na filamu haikuwahi kunipumulia. Nilipomaliza nilirudi nyuma, kama yeye, na nakwambia ule uso ulikuwa sawa. Pande mbili zilikuwa sawa. Mkono wangu ulikuwa haujasahau. Nikamgeuza kwenye kioo nikiwa na kiburi cha kijana.

Akajitazama. Nikadhani amefurahi. Kisha akafungua mdomo aseme, na kazi yangu yote ikavunjika palepale: mdomo halisi ukaenda kulia, na ule wangu wa kuchora ukabaki kushoto peke yake, nyusi ya bandia ikining'inia juu ya paji lisilosogea. Nilitaka kukimbia.

"Safi sana," akasema. "Nikinyamaza na nisile, nitapendeza kama picha ya marehemu."

Tukacheka, yeye kwa upande wake mmoja, mimi kwa aibu. Halafu akaosha uso wote, na nikajua hatakwenda.

Jumamosi asubuhi nilimkuta amevaa viatu.

Nilimbebea sanduku lake la vifaa. Alikuwa amejifunga mtandio uliofunika shavu la kushoto mpaka kwenye jicho. Njiani nilimwambia bado kuna nafasi ya kurudi, akaniambia nami pia nina nafasi ya kunyamaza.

Walikuwa wametupangia ukumbi wa juu, nyuma ya idara ya vyombo. Wanawake walikuwa wamekaa kwa safu, sare zao zimepigwa pasi, kila mmoja na kioo kidogo mbele yake. Msimamizi alikuja kutusalimia, na shemeji alipoitikia, mtandio ukateleza. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Lakini uso wake ulisema kila kitu kabla hajaukamata. Alinivuta kando, akaniuliza chinichini kama tumekuja kuahirisha, kwamba tungepiga simu tu, mzee, tungeelewana, kwani mwalimu wa urembo ni lazima, bila shaka naelewa, awe na mwonekano. Kwa jinsi nilivyokuwa naona haya, nilikuwa nimeshalishika sanduku mpini, tayari kuondoka.

Nyuma yetu nikasikia maji. Shemeji alikuwa ameuvua mtandio wote. Alikuwa ameinama kwenye beseni la maji waliloliweka mezani, mbele ya ukumbi mzima, anaosha uso. Akajifuta. Akakaa kwenye kiti, akakigeuza kitazame wale wanawake badala ya kioo, na hakuna alichokificha. Nyusi iliyoanguka, jicho lisilofumba, shavu lililolegea, mdomo uliovutwa.

Aliniashiria sanduku. Nikalipeleka.

Akaanza upande wa kulia. Mkono mmoja ulifanya kazi, na wa pili ulikuwa umeishikilia juu pembe ya kushoto ya mdomo kwa kidole, ili maneno yatoke. Alisema yaleyale aliyoyasema siku zote chini ya dirisha langu. Losheni, ngoja ngozi inywe. Pima kwenye taya. Gonga, usisugue, huu ni uso siyo ukuta wa kupigwa lipu. Mwanzoni walikuwa wanamtazama kidole. Baadaye kidogo nikaona wameanza kutazama brashi. Alipomaliza nusu yake ilikuwa nzuri mno, na kwa kuwa ilikuwa nzuri mno ile nyingine ilionekana vibaya zaidi. Hapo akaweka brashi mezani na kukunja mikono.

"Huu ulikuwa upande wa fundi," akasema. "Huu mwingine ni upande wa mteja. Leo mteja ni mimi, na mkono wangu haujauzoea bado. Nani ataanza?"

Hakuna aliyesogea. Msimamizi alitazama chini. Nilihesabu moyoni hatua za kwenda mlangoni.

Akainuka mwanamke wa makamo kutoka safu ya nyuma, wa idara ya vyombo, mwenye mikono mipana. Alisema, "Mama, nitakuumiza?" Shemeji akamjibu kwamba upande huo hata akitaka hawezi. Wachache wakacheka, kwa woga. Mwanamke akachukua sponji. Shemeji akamwelekeza: vitone vichache, shavu hili limelegea kwa hiyo lishike kwa chini, ukisukuma linakwenda. Wanja usiweke ndani ya jicho, halifumbi, litaumia. Akaja mwingine kwa ajili ya poda, akaja mwingine. Wakaacha viti vyao, wakamzunguka.

Aliyepewa nyusi alikuwa msichana mdogo, na alifanya nilichofanya mimi: aliichora juu, mahali inapotakiwa kuwa. Shemeji akamzuia mkono. Akamwambia aifute, aijaze palepale ilipo. Kisha akachukua pamba, na kwa mkono wake mwenyewe akaifuta nyusi ya kulia, ile nzuri aliyokuwa ameichora mbele yao, akaichora upya, laini zaidi na chini kidogo. Akaichukua rangi ya mdomo wa kulia akaipunguza.

"Usiuvute mgonjwa kwa nguvu," alisema. "Mzima ndiye anayeweza kutembea. Mwambie asogee kidogo."

Nilisimama pale na umri wangu wote. Maisha yangu yote kwenye studio ile nilikuwa napandisha upande mbovu. Walikuja kwangu wenye jicho kengeza, wenye taya iliyopinda, na wote niliwainua kwa penseli mpaka wakafanana na watu wasiowajua. Haikuwahi kunijia kuushusha ule mzuri.

Walipomaliza hawakuwa wameuficha. Mtu yeyote mwenye macho angeona kuna jambo limempata. Lakini alipofungua mdomo kuwashukuru, hakikuvunjika chochote, kwa sababu hapakuwa na kilichochorwa mahali ambapo hakipo. Ulikuwa uso wake, umechoka upande mmoja, umepambwa vizuri, unakwenda kazini.

Msimamizi alikuwa amesogea bila sisi kumwona. Mikono ilikuwa imeshikana mbele, ile saa ya dhahabu imegeukia ndani. Alisema mwezi ujao wanaingia wafanyakazi wapya. Akasita, akatafuta maneno, akaona hakuna ya kupamba. Akauliza atakuja na uso upi.

"Utakaokuwepo," shemeji akajibu.

Yule mama akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo kazi ilivyopatikana.

Tuliporudi aling'oa pazia langu kwa mara ya pili. Safari hii hakulikunja vizuri, alinitupia, nikalidaka.

Mshipa ulirudi taratibu, kama daktari alivyosema. Kwanza nyusi, kisha jicho, mdomo ukiwa wa mwisho, na hata leo akichoka pembe ile inashuka kidogo. Siku nyingi za wiki yuko kule ghorofani kwenye chumba chake cha madirisha, na studio yangu imebaki kimya, jambo ambalo bado nalalamikia, kwa sababu mtaa huu sasa hauna chumba hata kimoja ambamo mtu anakaa akatulia aangaliwe vizuri. Asubuhi anazobaki nyumbani benchi linajaa kama zamani, na mara mojamoja bado anatokea ameuharibu upande wa kushoto kwa makusudi, wanawake wanacheka, Muuza Dawa anataja makosa.

Mimi utani nimeupunguza kasi. Nakaa mlangoni na gazeti langu, nangoja kwanza anywe chai.